Sema Ulichoona

Usiku wa kwanza niliokesha nyumbani kwake nilidhani amelala. Ilikuwa Novemba 2005, katika kijiji kimoja kaskazini mwa York, Uingereza, na baridi ilikuwa imeganda kwenye vioo vya madirisha. Nilijikunyata kwenye kiti kando ya kitanda, khanga juu ya blanketi, nikisikiliza pumzi zake kama tulivyofundishwa. Ndege ikapita juu, mbali sana, mlio wake kama wa mtu anayeburuta gunia la mahindi sakafuni. Mzee, macho yamefumba, akasema: "Injini nne. Inaelekea kusini mashariki." Akatulia kidogo. "Andika saa."

Sikuandika. Wagonjwa huweweseka usiku, nikajua ni hayo. Asubuhi nilipompelekea chai, neno lake la kwanza likawa, "Ile ndege ilipita saa ngapi?" Nikajibu kwamba ilikuwa kama saa tisa hivi. Akanitazama kama fundi anavyomtazama mwanagenzi aliyekata mbao bila kupima.

"Kama saa tisa hivi," akasema, "haimsaidii mtu yeyote."

Wenzangu wote tuliopokezana zamu kwake walimwita kwa jina lake la kwanza, ndiyo desturi ya huko. Mimi ulimi ulikataa. Mtu amemzidi baba yangu umri, nitamwitaje kama mtoto niliyecheza naye rede? Nikamweleza kwamba kwetu Mwanza mtu kama yeye tunamwita Babu. Akalijaribu neno lile mdomoni mara mbili, akalikubali, na tangu siku hiyo mpaka alipofariki, Aprili 2008, sikumwita vinginevyo. Yeye aliniita "mpenzi", neno ambalo watu wa Yorkshire humwitia hata dereva wa basi. Ilinichukua muda kulizoea.

Kwa kazi ya kumpa mkate, Babu alikuwa seremala. Lakini tangu mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka 17, jioni zake na Jumapili zake zilikuwa za Royal Observer Corps, Kikosi cha Kifalme cha Waangalizi. Sikuwa nimewahi kukisikia. Kilikuwa kikosi cha ulinzi wa anga kisicho na bunduki wala mzinga, wala ndege. Silaha zake zilikuwa macho, masikio, ramani na simu, na karibu wote waliokitumikia walikuwa watu wa kujitolea: wakulima, makarani, waalimu, wauza duka, ambao wakitoka kazini walivaa sare ya buluu ya jeshi la anga na kwenda lindoni.

Asili yake ni hofu ya vita vya kwanza vya dunia, pale Wajerumani walipoishambulia London kwanza kwa maputo makubwa ya Zeppelin, kisha kwa ndege za Gotha. Jenerali Edward Ashmore, aliyekabidhiwa ulinzi wa anga ya London, aligundua kwamba mizinga na ndege havifai kitu kama hakuna anayejua adui yuko wapi dakika hii na anakwenda wapi dakika ijayo. Mwaka 1925 ndipo kikosi kikaundwa rasmi. Miaka kumi na mitano baadaye, katika Vita vya Uingereza vya 1940, kikaonyesha thamani yake. Rada za wakati ule zilitazama baharini. Ndege ya adui ikishavuka ufuko na kuingia nchi kavu, rada ilikuwa kipofu, na kuanzia hapo aliyebaki kuiona ni mtu aliyesimama kwenye kilima akiwa na darubini. Aprili 1941 Mfalme George VI akakipa kikosi heshima ya kuitwa cha kifalme.

Babu alinionyesha kazi yenyewe kwenye trei ya chai. Kikombe kilikuwa lindo, kijiko kilikuwa ndege. Mwangalizi analenga ndege kwa kifaa kilichowekwa juu ya ramani ya duara yenye miraba, anakadiria urefu wake kutoka ardhini, kisha anapiga simu kituoni: namba ya mraba, idadi ya ndege, aina, uelekeo. Kituoni wamezunguka meza kubwa ya ramani, na kila taarifa inayoingia wanaiwekea alama mezani. Hapo alisita, akanitaka nimsikilize vizuri. Ukutani kulikuwa na saa iliyopakwa pembetatu za rangi, kila dakika tano rangi yake: nyekundu, manjano, buluu, kisha zinarudia. Alama iliyowekwa mezani ilibeba rangi ya dakika zile. Mkubwa aliyetazama kutoka juu alijua kwa jicho moja habari ipi ni mbichi na ipi imeshachacha, na iliyochacha iliondolewa. "Habari bila saa yake," akasema, "ni uvumi."

Niliinama nikajifanya napanga vikombe, maana neno lile lilinigusa mahali ambapo yeye hakupajua.

Kabla ya kazi hii ya kukesha majumbani nilikuwa nimefanya kazi katika nyumba moja ya kulelea wazee. Usiku tulitakiwa kupita chumba kwa chumba kila baada ya saa mbili na kuandika kwenye daftari hali ya kila mmoja. Usiku mmoja nilikuwa na zamu ya tano mfululizo. Saa nane nilipita, nikamkuta bibi mmoja amelala, pumzi zake sawa, nikaandika "amelala vizuri". Kisha, kwa uchovu, nikajaza kabisa na mstari wa saa kumi: "amelala vizuri". Sikuingia tena chumbani kwake. Saa kumi na mbili walioingia zamu ya asubuhi walimkuta mdomo umepinda na mkono mmoja hauinuki. Daktari aliuliza swali moja tu: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Ugonjwa wa kiharusi una dawa inayotolewa kwa kuhesabu saa, ikichelewa inaweza kudhuru kuliko kuponya. Daftari langu likamjibu: saa kumi alfajiri. Kweli ilikuwa saa nane. Na mimi nilisimama pale na koti langu mkononi, nikanyamaza.

Bibi yule hakufa, ila hakusema tena. Kama uongo wangu ulimwongezea madhara au la, hilo sitalijua kamwe, na ndivyo lilivyobaki kifuani. Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua. Nilimsimulia Babu majira ya baridi yale ya kwanza, saa ambayo nyumba ilikuwa kimya na yeye hapati usingizi. Nilitegemea aniambie yasahau, ulikuwa umechoka. Hakusema hivyo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia nifungue droo ya chini. Ndani mlikuwa na madaftari mapya ya jalada jekundu, matatu. "Chukua moja," akasema. "Anza leo."

Kwa hiyo nikawa na daftari langu, mbali na lile la ofisi. Saa, nilichokiona, basi. Kama nilikisikia bila kukiona, niandike kwamba nimesikia. Kama sikuingia chumbani, niandike kwamba sikuingia. Ukitaka kujua jinsi mtu anavyodanganya bila kukusudia, mpe kalamu na umwambie aandike alichokiona tu. Wiki ya kwanza nilifuta nusu ya niliyoandika. "Anaonekana ana huzuni." Uliona huzuni? La, niliona hakugusa uji.

Babu alikuwa na hadithi moja aliyopenda kuirudia kuhusu hilo, na kila aliporudia alijiinua kwenye mto. Usiku wa 10 Mei 1941 waangalizi wa Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, waliiona ndege moja ikiingia kutoka baharini. Wakaitambua na kuripoti: ni Messerschmitt 110. Wakubwa wa jeshi la anga wakawacheka. Ndege ya namna ile haiwezi kubeba mafuta ya kufika Scotland na kurudi Ujerumani, kwa hiyo haiwezekani iwe ndiyo. Waangalizi hawakubadili neno. Ndege ikafuatwa kutoka lindo hadi lindo, ikaanguka karibu na kijiji cha Eaglesham, kusini ya Glasgow, na rubani wake akashuka kwa mwavuli. Alikuwa Rudolf Hess, naibu wa Hitler mwenyewe. Kuhusu mafuta wakubwa walikuwa na hesabu sahihi kabisa. Hawakufikiria tu kwamba anayekuja hakuhitaji mafuta ya kurudi kwao.

Nimelibeba hilo hadi leo. Mara ngapi mgonjwa amenionyesha dalili fulani, na mtu mwenye cheo akaniambia haiwezekani, dawa zile hazifanyi hivyo! Siku hizi sibishani. Nasema nilichoona na saa niliyokiona, na nikiulizwa tena nasema vilevile.

Kwa waangalizi, mara nyingine habari mpya ilikuja bila mfano wake. Alfajiri ya 13 Juni 1944, juu ya mnara wa zamani wa ngome huko Dymchurch, pwani ya Kent, waangalizi wawili waliona kitu kidogo kinakuja kutoka baharini, moto mkiani, mlio wake wa kugongagonga. Lilikuwa la kwanza kati ya mabomu ya V-1 yaliyojirusha yenyewe bila rubani. Neno la siri lilikuwa limekwisha kupangwa, "Diver", na kwa neno hilo nchi nzima ya kusini ikajua ndani ya dakika chache. Mwezi huohuo waangalizi karibu 800 walipandishwa melini kwenda Normandy, kwa sababu mizinga ya meli ilikuwa na ugonjwa wa kutungua ndege za upande wake yenyewe. Babu hakuchaguliwa, na ingawa ilikuwa imepita miaka sitini bado lilimuuma.

Usiku mmoja akaniuliza kama mimi niliwahi kukimbia ndege. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa na miaka minane, tunakaa Mabatini, Mwanza, wakati wa vita vya Kagera. Mama alitundika mablanketi madirishani na kibatari kikawashwa chini ya meza. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ilikuja kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa shabaha, silaha zake zikaangukia hifadhi ya wanyama, zikaua swala. Sisi watoto tulicheka siku kadhaa kwamba Gaddafi amepigana na swala. Ni mpaka nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipowaza juu ya umbali uliokuwapo kati ya swala wale na kitanda changu.

"Na nani alikuwa anatazama?" akauliza Babu.

Nikasema sijui. Wanajeshi, mgambo, sikumwona mtu.

"Alikuwepo," akasema. "Kila mahali huwapo mtu. Na siku iliyofuata anakwenda zake kazini kama wengine."

Baada ya vita vya pili vya dunia kikosi cha Babu kilipumzishwa, kikafufuliwa 1947, na kuanzia 1955 kikapewa kazi ambayo Babu aliieleza kwa sauti ya chini zaidi. Ndege sasa zilikuwa za kasi mno kwa macho, na hofu mpya ilikuwa bomu la nyuklia. Waangalizi wakashuka kutoka vilimani wakaingia ardhini. Yalijengwa mashimo 1,563 nchi nzima, mengine katikati ya malisho ya ng'ombe. Kwa juu huoni kitu ila mfuniko wa chuma na mabomba mawili matatu. Unashuka ngazi ya chuma karibu mita nne na nusu, kisha chumba kimoja chenye urefu kama huo na upana wa nusu yake, kitanda cha ghorofa, meza, taa ndogo ya betri. Watu watatu. Hakuna moto, na baridi ya mle, Babu alisema, haikuwa ya hewa bali ya ukuta.

Kazi ilikuwa kusubiri bomu lipige, kisha kulipima. Kifaa kimoja kilionyesha kwa mshale nguvu ya mgandamizo wa mlipuko. Kingine kilipima mionzi. Cha tatu ndicho nilichokielewa kuliko vyote, kwa sababu Babu alinifundisha kwa mkono wake. Siku moja ya Februari, jua limetoka, aliniagiza nifunge pazia zito na kulitoboa kwa sindano. Pazia lilikuwa lake; nikatoboa. Duara dogo la nuru likatua ukutani, kubwa kama shilingi. "Weka alama kwa penseli," akasema. Nikaweka. Tukanywa chai. Baada ya robo saa akaniambia nitazame: nuru ilikuwa imehama karibu shibiri moja. "Sasa niambie jua lilikuwa wapi tulipoanza." Nilinyoosha kidole kutoka kwenye alama ya penseli kupita tundu la sindano hadi angani, na nikajikuta namwonyesha mahali jua lilipokuwa robo saa iliyopita, kana kwamba limeacha msumari.

Hicho ndicho kifaa. Pipa jeupe juu ya ardhi, matundu manne madogo yakitazama kaskazini, mashariki, kusini na magharibi, na ndani karatasi ya kupigia picha. Bomu likilipuka, mwanga wake unachoma doa kwenye karatasi. Doa linakuambia uelekeo na kimo. Mashimo mawili au matatu yakipeleka taarifa zao, mistari inakutana kwenye ramani, na hapo ndipo bomu lilipolipukia. Kutoka hapo wanakokotoa upepo utapeleka wapi vumbi lenye sumu, na vijiji vipi vionywe. Ila karatasi iko juu. Lazima mmoja wa wale watatu afungue mfuniko, apande, atoe karatasi, aweke mpya, ashuke nazo. Shimoni kwao mtu huyo alikuwa Babu. Aliomba mwenyewe, kwa kuwa wenzake wawili walikuwa na watoto wadogo. Mkewe alijua anakwenda mazoezini. Kwamba yeye ndiye wa kupanda, hakumwambia mpaka mwaka kikosi kilipovunjwa.

Mwaka 1968 serikali ilifunga karibu nusu ya mashimo kubana matumizi. La Babu lilinusurika. Kisha Ukuta wa Berlin ukaanguka, na Julai 1991 ikatangazwa bungeni kwamba waangalizi hawahitajiki tena. Zaidi ya watu 10,000 wa kujitolea waliambiwa wakabidhi sare na vifaa ifikapo 30 Septemba. Wachache walibaki na kazi za kupima mionzi katika makao ya kijeshi, nao wakamaliza mwishoni mwa 1995. Babu alipata habari redioni, akiwa karakanani anapiga randa mlango. Barua ilifika baadaye. Aliitunza. Niliisoma: aya tatu, shukrani zipo, na jina lake limekosewa herufi moja.

Nilimuuliza, kwa ukali fulani, kama hakuona wamedhulumiwa. Miaka karibu hamsini, bila mshahara, aya tatu. Akafikiri. Alisema hasira yake haikuwa ya kufungwa. Kikosi kinachongoja bomu kikifungwa kabla ya bomu, ni habari njema kuliko zote. Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyewauliza walichokijua. Watu walioweza kutofautisha ndege tatu kwa mlio usiku wa mawingu, walioweza kukaa saa nane wakitazama mshale usiosogea bila kuacha kuutazama, walirudi majumbani, na maarifa yao yakarudi nao, yakaanza kufa moja moja. Hapo nikaelewa kwa nini ananifundisha mimi, mgeni, mwanamke wa Kisukuma aliyekuja kumgeuza kitandani na kumbadilisha shuka. Nilikuwa na usiku mzima na nilikuwa na masikio.

Mpaka mwaka wa mwisho tulikuwa tunafanya mazoezi. Mchana ndege ndogo za mafunzo za Tucano zilipanda kutoka uwanja wa Linton-on-Ouse, na nilizijua kwa mlio kabla sijamaliza kukunja taulo. Usiku nilijifunza pumzi. Pumzi za Babu zilikuwa na aina zake, na nilizipa namba. Alfajiri ile ya Aprili aina ya nne ilianza saa tisa na dakika kumi na mbili. Nilimpigia simu binti yake saa tisa na dakika kumi na tano, akaja akiwa bado na nguo za kulalia ndani ya koti, akamkuta baba yake yu hai, akamshika mkono dakika arobaini. Binti huyo ndiye aliyenipa daftari la Babu la shimoni, la jalada jekundu, limefubaa.

Mwaka 2009 nilikwenda kuliona handaki la York, mtaa wa Holgate. Lilikuwa makao ya kundi namba 20 la kikosi kile tangu 1961 hadi 1991, na tangu 2006 liko wazi kwa wageni: kilima cha nyasi chenye mlango, kimezungukwa na makazi ya watu. Babu, alipokuwa hai, alikataa kupelekwa. Alisema pale palikuwa pa wakubwa. Tulikuwa wageni tisa. Ndani tulionyeshwa ubao mkubwa wa ramani wa kuangaza, simu, vitanda, kisha lile pipa jeupe la matundu manne. Mwongozaji akauliza kama kuna anayejua ni la kazi gani. Watu wakatazamana. Nikainua mkono.

Nilieleza yote: matundu, karatasi, doa, mistari inayokutana. Mtoto mmoja wa kiume, wa miaka kama kumi, akauliza ni nani aliyepanda kuchukua karatasi. Nikasema namjua mmoja. Akauliza alipofungua mfuniko alikuta nini huko juu.

Daftari lilikuwa mkobani mwangu. Sikuhitaji kulitoa, ukurasa wa mwisho, 30 Septemba 1991, saa kumi na mbili kasoro dakika nane jioni, nilikuwa naukumbuka kwa moyo.

"Kondoo," nikamwambia. "Kumi na wanne."